Namna Waganga wa Askari Walivyofundishwa Kazi ya Vita

Mtu akifika Paris, mji mkuu wa Ufaransa, akivuka mto Seine kwenda upande wa kusini, ataona kanisa kubwa lenye kuba refu, liitwalo Val-de-Grâce. Habari yake ni hii. Malkia Anna wa Austria, mke wa mfalme Louis XIII, alikaa katika ndoa miaka zaidi ya 20 bila mtoto. Aliweka nadhiri ya kumjengea Mungu kanisa zuri akipewa mwana. Mwaka 1638 akamzaa Louis XIV, na mwaka 1645 mtoto yule, mwenye miaka 6 tu, akaliweka jiwe la kwanza kwa mkono wake. Kando ya kanisa walikaa watawa wa Mtakatifu Benedikto. Halafu yakaja Mapinduzi ya Ufaransa. Watawa wakafukuzwa, na mwaka 1793 monasteri yao ikageuzwa kuwa hospitali ya askari. Tangu mwaka 1796 waganga wa jeshi wakafundishwa humo. Hospitali yenyewe ilifungwa mwaka 2016, lakini shule ya waganga wa jeshi ingalipo.

Nataka kusimulia habari za shule hiyo na za wenzake, maana zinajibu swali ambalo watu wengi hawaliulizi. Mganga aliyefaulu mitihani yote, aliyekwisha kupasua na kuponya wagonjwa wengi katika mji wake, je, yu tayari kwenda vitani? Wengi watajibu: Kwa nini asiwe tayari? Mfupa uliovunjika ni mfupa, na damu ni damu. Lakini tukiuliza historia, itatujibu kwamba sivyo, na jibu hilo lilinunuliwa kwa roho za watu wengi sana.

Tazama kwanza tofauti. Katika hospitali ya mji, mgonjwa ndiye anayemjia mganga. Anakuja mmoja mmoja, maji yapo, taa ipo, na mganga akishindwa kuna mwenzake chumba cha pili. Vitani majeruhi 300 wanaweza kuletwa kabla jua halijatua. Jeraha limejaa udongo, nguo na vipande vya chuma. Mganga hawezi kuwatibu wote mara moja. Lazima achague nani awe wa kwanza, na kuchagua huko hakuna anayekuzoea katika hospitali ya amani. Tena, adui mkubwa wa jeshi, tangu zamani mpaka karne ya 20, hakuwa risasi. Alikuwa kuhara damu, tifusi, kipindupindu na malaria. Mganga wa vita ilimpasa kujua vyoo na visima kama alivyojua kisu chake.

Zamani mambo hayo hayakufundishwa popote. Vijana waliyajifunza juu ya miili ya askari wenyewe. Mwaka 1537 kijana mmoja Mfaransa, Ambroise Paré, alifuata jeshi la mfalme wake mpaka Italia. Hakuwahi kuona vita. Vitabu vya siku zile vilisema kwamba jeraha la bunduki lina sumu ya baruti, na dawa yake ni kumimina ndani yake mafuta yanayochemka. Basi Paré akamimina kama wenzake. Usiku mmoja mafuta yakamwishia. Akawapaka waliobaki kiini cha yai kilichochanganywa na mafuta ya waridi na tapentaini, kisha akaenda kulala, lakini usingizi ukamkataa, maana alifikiri atawakuta wamekufa. Kulipokucha akawaendea mbio. Kumbe waliopakwa yai walikuwa wametulia, na waliomiminiwa mafuta ya moto walikuwa na homa, wamevimba, wakilia kwa maumivu. Toka siku ile akaacha kuchoma majeraha ya watu, na mwaka 1545 akaandika kitabu juu ya habari hiyo. Alikiandika kwa Kifaransa na si kwa Kilatini, ili hata vinyozi wapasuaji, wasiopita katika vyuo vikuu, waweze kukisoma.

Mtu huwashangilia watu kama Paré, na ni haki. Lakini tusisahau wale waliomiminiwa mafuta kabla hayajaisha.

Wafaransa walianza kuweka utaratibu katika mwaka 1708, Louis XIV alipotoa amri ya kuwa na waganga wa kudumu katika majeshi na hospitali za jeshi. Lakini shule za kweli zilianza baharini: Rochefort mwaka 1722, Toulon mwaka 1725, Brest mwaka 1731. Sababu yake si ngumu kuiona. Merikebu ikiisha kuondoka, mganga wake yu peke yake miezi mingi. Akiwa mjinga, hakuna wa kumsaidia. Majeshi ya nchi kavu yakafuata nyuma. Mwaka 1747 ikaamriwa kwamba waganga wakubwa wa hospitali za jeshi wawafundishe vijana habari za mwili wa mtu, kwa kupasua maiti mbele yao.

Katika shule hizo za bahari alipita Dominique-Jean Larrey. Alizaliwa mwaka 1766 katika kijiji cha Beaudéan, milimani kusini mwa Ufaransa. Baba yake alikufa mapema, akalelewa na kufundishwa na ndugu wa baba yake, Alexis, mpasuaji wa Toulouse. Mwaka 1787 akaenda Brest kwa miguu, akashinda mtihani, akapelekwa na merikebu ya vita mpaka Terranova, ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1792 akawekwa katika jeshi la mto Rhine.

Huko akaona jambo lililomchoma moyo. Sheria iliamuru magari ya hospitali yakae nyuma ya jeshi karibu kilomita 4 au 5, wala yasisogee mpaka vita vimekwisha. Majeruhi walilala uwanjani saa 24, pengine saa 36. Wengi walikufa hapo walipoanguka, kwa damu au kwa baridi. Larrey akawatazama askari wa mizinga, namna walivyokimbiza mizinga yao myepesi kwa farasi kutoka upande huu wa uwanja mpaka upande ule. Akasema moyoni mwake: kama mzinga waweza kukimbia, mganga naye aweza. Akaunda magari mepesi, yenye magurudumu mawili kwa nchi tambarare na manne kwa nchi ya vilima, yaliyopakwa pamba ndani na kupewa springi, ili majeruhi alale bila kutikiswa sana. Watu wakayaita “ambulansi zirukazo.” Mwaka 1797, katika vita vya Italia, aliyapanga kuwa kikosi kizima cha watu 340: waganga, wauguzi, wapanda farasi, hata mfua chuma. Alipofika Misri mwaka 1798, ambako magari hayakufaa mchangani, aliwafunga ngamia masanduku mawili, moja kila upande, na majeruhi mmoja akalala katika kila sanduku.

Lakini kwangu mimi jambo lake kubwa kuliko magari ni kanuni aliyoiweka ya kuchagua. Kabla yake, ofisa alitibiwa kwanza, askari mdogo alingoja. Larrey akasema: aliye katika hatari kubwa ndiye wa kwanza, awe jenerali au mpiga ngoma, awe wetu au wa adui. Kanuni hiyo inaonekana nyepesi ukiisoma umekaa kitini. Jaribu kuishika mbele ya jenerali anayepiga kelele kwa sababu ya kidole chake, na upande wa pili kuna kijana asiyepiga kelele tena.

Na kila alipokaa muda kidogo, Larrey alikusanya waganga vijana akawafundisha. Alikuwa mwalimu katika Val-de-Grâce tangu mwaka 1796, lakini shule yake ilimfuata njiani. Katika mji wa Kairo aliwafundisha. Hispania aliwafundisha. Alitaka waijue njia ya kila mshipa kwa vidole vyao, hata gizani, maana alikuwa ameona kwamba mguu uliosagika ukikatwa katika saa 24 za kwanza, mtu hupona mara nyingi, na ukingojewa siku nyingi, huoza, na mtu hufa. Kazi hiyo ilitaka wepesi, sababu dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi haikujulikana bado. Katika vita vya Borodino, mwaka 1812, inasemwa alikata viungo karibu 200 katika usiku na mchana mmoja.

Nasimulia jambo moja zaidi juu yake, maana linaonyesha kwamba elimu ya mganga wa askari si ya kisu tu. Mwaka 1813, baada ya vita vya Bautzen, askari wachanga zaidi ya 2,000 walionekana na majeraha ya mikono na vidole. Wakubwa wakasema wamejipiga wenyewe ili warudishwe kwao, na adhabu ya kosa hilo ilikuwa kifo. Napoleon alikuwa tayari kuwaadhibu baadhi yao. Larrey akaomba awaangalie. Akawapima mmoja mmoja pamoja na wenzake, akaandika habari ya kila mkono. Akaona kwamba vijana hawa walipigana katika mistari mitatu, na wa nyuma, wasiojua bado kushika bunduki, waliwapiga wa mbele walipoinua mikono. Akaenda na karatasi zake mbele ya mtawala aliyekasirika, akasema hawana hatia. Wakaachiliwa. Napoleon, alipoandika wosia wake kisiwani Saint Helena, alimwachia Larrey faranga 100,000.

Mtu angefikiri kwamba baada ya mambo hayo elimu ya waganga wa vita ingelindwa kama hazina. Sivyo. Amani ilipofika kwa muda katika miaka 1801 na 1802, waganga wengi wa jeshi waliachishwa kazi ili serikali isitumie fedha. Vita viliporudi, wakaokotwa vijana waliosoma miezi michache, wakapewa kanzu ya jeshi na kisu. Wazee waliwadharau, lakini kosa halikuwa la vijana. Na mwaka 1850 serikali ya Ufaransa ilizifunga shule za hospitali za jeshi katika Strasbourg, Metz na Lille. Ikabaki Val-de-Grâce peke yake, kama shule ya kumalizia masomo.

Miaka minne baadaye vikaanza vita vya Krimea, na humo tunaona hesabu ya kutisha. Ufaransa ilipeleka huko watu zaidi ya 300,000. Walikufa karibu 95,000. Kati yao, waliouawa na silaha au na majeraha walikuwa karibu 20,000. Wote waliobaki, yaani 75,000, waliuawa na kipindupindu, kiseyeye, kuhara damu na tifusi. Waganga wao hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mahema yamesongamana na kwamba wagonjwa wa tifusi hawapaswi kulazwa pamoja na majeruhi. Walisema, wakaandika barua. Lakini mganga alikuwa chini ya makarani wa stoo, na karani alijibu kwamba hakuna mbao, hakuna mahema, ngojeni. Mpaka sheria za mwaka 1882 na 1889 ndipo waganga wa Ufaransa walipopata kuamuru katika kazi yao wenyewe. Mimi naona hilo ni somo zito: kumfundisha mtu na kutompa mamlaka ni kama kumpa mvuvi wavu bila mtumbwi.

Waingereza, katika vita vile vile, waliangamia vibaya kipupwe cha kwanza. Lakini mwaka 1855 walipeleka tume ya kusafisha mifereji, vyoo na maji, na katika kipupwe cha pili vifo vyao vilipungua sana, wakati ule ule Wafaransa walipokuwa wakizikana kwa tifusi. Jina la Florence Nightingale linajulikana na wote. Wachache wanajua kwamba aliporudi kwao alipigania sana jambo moja, nalo ni shule. Ilifunguliwa mwaka 1860 huko Chatham, ikahamishwa Netley mwaka 1863. Walioingia walikuwa wamekwisha kuwa waganga wenye diploma. Wakakaa miezi minne zaidi wakijifunza yale ambayo diploma haikuwafundisha. Mwalimu Edmund Parkes, aliyefanya kazi katika hospitali ya vita upande wa Dardaneli, aliwafundisha kupima maji ya kunywa, kupima hewa ya chumba wanamolala askari, kuchagua mahali pa kupiga kambi, kuchimba choo mbali na kisima. Wengine waliona ni kazi ya wafagiaji. Lakini hesabu za Krimea zilikuwa mezani, wala hakuna aliyeweza kubishana nazo.

Sasa tuje karibu na kwetu, kwa maana majeshi ya Ulaya yalipoingia Afrika na visiwa vyake yalikutana na adui ambaye hata Netley ilikuwa haijamfahamu vizuri. Mwaka 1895 Wafaransa walipeleka jeshi Madagascar. Waliouawa na silaha za Wamalagasi walikuwa 25. Waliokufa kwa ugonjwa, hasa malaria, walikuwa zaidi ya 5,000. Kinini ilikuwa inajulikana miaka mingi, lakini haikugawanywa kwa utaratibu, na askari vijana kutoka Ulaya walipewa majembe wapasue barabara katika mabwawa. Mwaka 1905 Ufaransa ikaanzisha shule ya Pharo, katika mji wa Marseille, kwa waganga wa majeshi ya makoloni. Humo walijifunza mbu, ndorobo, vijidudu vya damu, na matumizi ya hadubini. Katika shule hiyo alipita Eugène Jamot, yule daktari wa jeshi aliyepigana na ugonjwa wa malale katika Ubangi-Shari na Kamerun. Wabelgiji nao walifungua shule yao ya magonjwa ya nchi za joto katika Brussels mwaka 1906, ambayo baadaye ilihamia Antwerpen. Pharo ilifungwa mwaka 2013. Antwerpen ingali inafundisha.

Basi mwaka 1914 Ulaya ilikuwa na shule, vitabu na maprofesa. Lakini tazama jinsi vita vinavyomshika hata msomi. Vita vya karibu ambavyo wapasuaji walikuwa wamevisoma vilikuwa vya Afrika ya Kusini, vya miaka 1899 mpaka 1902. Huko udongo ni mkavu, risasi zilikuwa ndogo na zilitoka mbali, na majeraha mengi yalipona yalipofungwa tu na kuachwa. Basi wakafundishwa hivyo: jeraha lifunge, usiliguse, mpeleke mtu nyuma kwa treni. Lakini Flandria na Ufaransa ya kaskazini si Afrika ya Kusini. Yale mashamba yalikuwa yamemwagiwa mbolea ya wanyama miaka mamia. Na kilichowaumiza watu sasa kilikuwa kombora, linalopasua nyama na kusukuma ndani yake matope na vitambaa. Jeraha lililofungwa vizuri kwa nje likaanza kuoza kwa ndani. Nyama ikajaa gesi, mguu ukavimba na kunuka, na mtu akafa katika siku moja au mbili. Wengine wakakamatwa na pepopunda. Treni zilifika hospitalini zimebeba watu waliokwisha kuoza.

Ilibidi waanze upya. Antoine Depage, mpasuaji Mbelgiji, aliongoza hospitali iitwayo Océan huko De Panne, katika kile kipande kidogo cha Ubelgiji ambacho Wajerumani hawakukiteka. Ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1914. Huko alishika utaratibu mkali: jeraha lifunguliwe mapema, nyama yote iliyokufa ikatwe, kila kipande cha nguo na chuma kitolewe, kisha liachwe wazi, lioshwe kwa dawa, na kupimwa kwa hadubini kila siku. Lisishonwe mpaka vijidudu vimepungua. Jambo hilo la kukata nyama iliyokufa halikuwa jipya kabisa. Wapasuaji wa siku za Larrey walilijua. Lilikuwa limelala katika vitabu karibu miaka 100. Machi 1917 wapasuaji wa mataifa yaliyoungana wakakutana katika Val-de-Grâce, wakapatana kanuni moja ya majeraha ya vita, ili kijana anayefika leo asianze tena kwa makosa ya mwaka 1914.

Wakati Ulaya ilipokuwa inakutana hivyo, watu wa nchi zetu walikuwa wamekwisha kulipa upande wao. Mwaka 1916 askari wa Kongo, chini ya jenerali Tombeur, walipita Rwanda na Burundi, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Mkubwa wa waganga wao alikuwa Jérôme Rodhain, aliyefanya kazi Kongo tangu 1903, mtu mwenye elimu kubwa ya magonjwa ya Afrika, ambaye baadaye aliongoza shule ya Antwerpen. Kwa hiyo tusiseme kwamba elimu ilikosekana. Lakini nyuma ya askari walitembea wapagazi, zaidi ya 200,000 kwa jumla. Walibeba unga, risasi, na machela ya majeruhi. Watu wa nchi ya joto walipandishwa kwenye milima ya baridi wakiwa na kitambaa kimoja; waliozoea mihogo walipewa chakula wasichokizoea, na mara nyingi hakikutosha. Kuhara damu na kichomi vikawaua kwa wingi. Waganga waliokuwapo walikuwa wachache mno, nao walikuwa wamewekwa kwa ajili ya askari.

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo. Kanuni ya Larrey ilisema: aliye katika hatari kubwa ndiye wa kwanza. Mpagazi anayekufa kando ya njia, je, hakuwa katika hatari kubwa? Lakini hakuandikwa katika vitabu vya hesabu kama mtu wa jeshi, na asiyeandikwa hapangiwi kitanda wala dawa. Shule zilimfundisha mganga kuchagua kati ya wale walioletwa mbele yake. Nani aletwe mbele yake, hilo liliamuliwa na wengine.

Katika vita vya pili mambo yalitengenezwa kwa sehemu. Hospitali ya vita ya Kongo, yenye waganga Wabelgiji na wauguzi Wakongo, ilikwenda Uhabeshi mwaka 1941, kisha ikapelekwa mbali sana, mpaka Burma, kufanya kazi pamoja na jeshi la Waingereza. Wauguzi wale walitibu Waingereza, Wahindi, Waafrika wa magharibi na wa mashariki. Walijua kazi. Hata hivyo mpaka uhuru wa mwaka 1960 shule za Kongo hazikuwa zimetoa hata Mkongo mmoja mwenye diploma kamili ya udaktari. Mtu aliyezuia damu ya majeruhi chini ya mvua za Burma alirudi nyumbani akiwa angali msaidizi.

Na leo wanafundishwaje? Nitasema juu ya Ufaransa, kwa kuwa ndiyo tuliyoanza nayo. Kijana anaingia shule ya waganga wa jeshi iliyo Bron, karibu na Lyon, anasoma udaktari katika chuo kikuu pamoja na wanafunzi wengine wa nchi, na kando yake anajifunza uaskari. Baadaye anaitwa Val-de-Grâce kwa mambo ya vita. Na mafundisho ya kuokoa majeruhi hayaanzi kwa mganga. Yamegawanywa katika ngazi tatu, na ngazi ya kwanza ni ya kila askari, hata mpishi na dereva: afunge kwa nguvu mkono au mguu unaomwaga damu, afungue njia ya pumzi, amlaze mwenzake vizuri. Maana imeonekana wazi kwamba katika watu wanaokufa vitani ambao wangeweza kupona, wengi huuawa na damu kutoka, tena katika dakika chache, kabla mganga hajafika. Magari ya Larrey, hata yangekuwa na mbawa kweli, yasingewafikia hao.

Kuna ugumu mwingine ambao wazee hawakuwa nao. Larrey alikuwa mpasuaji wa mwili mzima. Siku hizi mpasuaji mmoja ni wa magoti, mwingine wa matumbo, mwingine wa kichwa, na kila mmoja ni hodari katika sehemu yake kupita wazee wote. Halafu anapelekwa katika hema mahali pa mbali, yeye na mwenzake mmoja tu, na anayeletwa ana kipande cha chuma kifuani. Ndiyo sababu tangu mwaka 2007 Val-de-Grâce ina mafundisho maalum kwa wapasuaji wanaokaribia kutumwa ng'ambo. Yule wa magoti anajifunza kufungua tumbo na kulijaza vitambaa ili damu isimame. Yule wa matumbo anajifunza kufunga mfupa wa paja kwa vyuma vya nje. Wote wawili wanajifunza kutoboa fuvu la kichwa ili kutoa damu inayobana ubongo. Hawatazamiwi kumaliza kazi yote pale pale. Kazi yao ni kumfanya mtu aishi mpaka ndege ije kumchukua, na kuacha mengine kwa hospitali kubwa. Kwa mpasuaji aliyezoea kumaliza kila kazi kwa unadhifu, wasema walimu wao, kujifunza kuacha katikati ndiko kugumu.